Kinachoila Bunduki Tumekifungia Nayo Kabatini

Hotuba ya fundi wa silaha mbele ya wamiliki wa bunduki za kiraia na watunza ghala wa kampuni za ulinzi, Tanga. Imepunguzwa kidogo ili isomeke.

Mheshimiwa Mwenyekiti, maofisa wa polisi mliotuheshimu kwa kufika, wazee wangu wa usasi, mama zangu, na ninyi vijana mliotoka lindo la usiku mkaja hapa moja kwa moja bila hata kulala: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, na wa rika langu habari za asubuhi. (Kicheko)

Nimeombwa niseme juu ya kutu, na namna ya kuhifadhi bunduki inayokaa muda mrefu bila kutumika. Kila fundi wa silaha wa pwani analijua jambo hili: bunduki zinazotufikia mezani kwa kuvunjika ni chache. Nyingi zinakuja zimeliwa. Na mwenye nayo anakuja na maelezo yaleyale: "Fundi, hii sijaigusa tangu mwaka juzi. Niliipaka mafuta, nikaivisha ala yake, nikaifungia kwenye sefu." Mtu huyu hadanganyi. Lakini ukiitoa bunduki kwenye ala unakuta kutu imejichora palepale ngozi ilipogusana na chuma, mpaka mshono wa ala unauona kwenye mtutu. Upande ambao haukuguswa na kitu, chuma bado kinang'aa. Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kuniuliza upake mafuta gani, jiulize umeifungia bunduki yako pamoja na nini.

Tuanze na hewa yetu. Chuma kinashika kutu kikipata hewa na maji kwa pamoja. Hewa hatuna ubavu wa kuiondoa. Maji nayo si lazima yamwagike. Mvuke ulioko hewani unatosha. Wanaotunza vyuma kwenye makumbusho wanajitahidi hewa ya ghala ibaki na unyevu chini ya asilimia 50, na wanaogopa ukivuka 60, kwa sababu hapo kutu inaanza kwenda mbio. Sasa wewe nunua kipima unyevu, vipo vidogo na si ghali, kiweke chumbani kwako asubuhi moja ya masika. Kitasoma zaidi ya 80. Mwenzetu wa Dodoma, kiangazi kile cha mwezi wa nane, anaweza kuisahau bunduki uvunguni mwa kitanda akaikuta salama. Siwashauri wa Dodoma wafanye hivyo, polisi wako hapa. (Kicheko) Ninachosema ni kwamba ushauri mwingi unaosomwa kwenye vijitabu vya bunduki uliandikwa na watu wa nchi kavu na baridi, na sisi tunaufuata huku tunaishi mbele ya bahari.

Bahari inaongeza chumvi. Mnajua mabati ya nyumba za ufukweni yanavyotoboka mapema kuliko ya Korogwe au Lushoto. Chumvi inayapata maji hata pale ambapo sisi tunaona pamekauka. Ile ya mezani huanza kulowa yenyewe unyevu ukifika asilimia 75 hivi. Ya bahari ina magnesiamu ndani yake, na sehemu hiyo ya magnesiamu huanza kulowa kwenye asilimia 35 tu. Maana yake, chembe ya chumvi ya bahari iliyotua juu ya mtutu wako ina tone lake la maji mwaka mzima. Kule Bristol, Uingereza, wanayo meli ya chuma iitwayo SS Great Britain, iliyoshushwa majini mwaka 1843 na kurudishwa ikiwa gofu mwaka 1970 kutoka visiwa vya Falkland. Chuma chake kimejaa chumvi. Kuiokoa, wamefunika gati kavu kwa kioo kuizunguka meli na kuweka mashine za kukausha hewa ya chini mpaka asilimia 20. Hawakupaka mafuta meli nzima. Walikwenda kuishughulikia hewa.

Yupo ataniuliza, mbona ule mzinga wa manowari ya Kijerumani, Königsberg, umesimama nje pale Fort Jesus, Mombasa, na bahari iko chini yake, tangu Vita vya Kwanza haujaisha? Ndugu yangu, ule ni mzinga wa milimita 105, chuma chake ni kinene, na hakuna mtu anayetarajia kuupiga kesho. Unapakwa rangi, mambo yanakwisha. Raifo yako inategemea michirizi ya ndani ya mtutu ambayo kina chake hakifiki hata unene wa ukucha. Kutu ikichimba hapo vishimo vidogo, hakuna fundi wa kuvijaza.

Sasa turudi kabatini. Cha kwanza tunachokifungia humo ni jasho letu wenyewe. Mkono wa mtu una chumvi na una asidi kidogo. Mtu anaisafisha bunduki vizuri, anaipaka mafuta, halafu anaishika katikati ya mtutu kwa mkono mtupu na kuilaza. Baada ya siku chache anakuta alama za vidole zimejitokeza kwa rangi ya kahawia, mistari ya kidole gumba inasomeka kama ile ya kitambulisho. Na jasho halilingani. Wapo watu ambao jasho lao ni kali, ukimpa bastola mpya akaishika asubuhi, jioni imeshaanza kubadilika. Si uchafu wake, ndivyo alivyoumbwa. Dawa ni glavu za mpira zile za hospitali, au kuishika bunduki kwa kitambaa chenye mafuta tangu unapoifuta mara ya mwisho mpaka mlango wa kabati unapofungwa.

Cha pili ni ala. Ngozi inalainishwa kiwandani kwa chumvi na asidi, na nyingine hubaki ndani yake. Tena ngozi inanyonya unyevu na kuukumbatiza kwenye chuma usiku na mchana. Ukitaka ushahidi, tazama vifungo vya shaba vya ala ya zamani, utaona ute wa kijani umevizunguka. Ala ni ya kubebea. Ukifika nyumbani, itoe bunduki, ala itundike pembeni. Vilevile ule mkoba wa zipu wenye manyoya ndani, na lile sanduku zuri la plastiki lenye sponji iliyokatwa umbo la bunduki. Sponji ile kwa joto letu haidumu. Baada ya miaka michache inageuka kunata, inavunjika unga, na ule unga unashikamana na mtutu pamoja na maji iliyoyanyonya. Wengine wanafunga bunduki kwa blanketi. Blanketi likishavuta unyevu wa masika linakauka lini? Mpaka kaskazi ivume, na kutu haisubiri.

Mbao na vibao pia vina mambo yao. Kabati lililotengenezwa kwa vibao vya kubandikwa na gundi, hasa likiwa jipya, linatoa mvuke wa asidi ambao pua yako inausikia ukifungua mlango. Chuma kinausikia zaidi. Kama huna lingine, liache wazi likauke harufu kwanza, ndani lipakwe rangi nzuri.

Sefu je? Hapa nitawaudhi waliotumia hela nyingi. Sefu zile nzito zinazouzwa kwamba zinazuia moto, nyingi kuta zake zimejazwa jasi au zege lenye maji ndani yake. Ndiyo namna yake ya kuzuia moto: joto likiwaka, yale maji yanageuka mvuke na kupooza. Siku zisizo na moto, unyevu unatoka taratibu ndani ya sefu iliyofungwa kwa mpira mlangoni, hauna pa kwenda. Sisemi muuze. Kwa wezi na kwa watoto sefu ni lazima, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina utani na mtu aliyeacha silaha ovyo. Ila mjue kwamba sefu hiyo bila kikausha hewa ndani yake ni mahali pabaya kwa chuma. Na ikiwa nyumba ni ya zamani, ya mawe na chokaa, sefu isiegemee ukuta wala isikae sakafuni moja kwa moja. Inyanyue juu ya vipande vya mbao, iache upana wa kiganja nyuma.

Halafu kuna kiyoyozi. Hiki kinawasumbua sana wenye ofisi. Mnaweka bunduki kwenye chumba chenye kiyoyozi mkiamini baridi inazuia kutu, na kweli kiyoyozi kikiwaka kinakausha hewa. Shida inakuja kikizimwa jioni, au umeme ukikatika, au bunduki ikitolewa nje ghafla. Hewa ya Tanga yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 inaanza kudondosha maji juu ya kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 25. Bunduki iliyokaa ofisini kwenye nyuzi 22 ukiitoa nje inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Na jasho hilo halitoki nje tu, linatoka ndani ya mtutu, ndani ya chemba inamokaa risasi, chini ya boliti, kile chuma kinachovutwa kupakia, chini ya kitako. Mtu anafuta nje kwa shati, anairudisha ndani. Kama lazima itoke, itoe ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, iache humo mpaka ipate joto la nje, ndipo ufungue. Maji yatashika mfuko.

Afadhali joto dogo la kudumu kuliko baridi ya kuwaka na kuzimika. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 85, ukiipasha ikafika nyuzi 33 bila kuongeza maji, unyevu wake unashuka mpaka kama asilimia 64. Nyuzi tano tu. Ndiyo kazi ya zile fimbo za joto za umeme zinazofungwa chini ndani ya kabati. Mafundi redio wa zamani walikuwa wanafanya hivyo kwa balbu ya wati chache kwenye sanduku, na wapiga picha hivyohivyo kwa lenzi zao. Kwenye kabati la bunduki nasisitiza: kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, waya mzima, na risasi zisikae humo. Risasi zina kabati lake na kufuli lake.

Kwa asiye na umeme wa uhakika ipo silika, zile punje za kukausha hewa. Lakini tusidanganyane. Kile kijipakiti ulichokikuta ndani ya boksi la viatu kilishashiba maji kabla hujafika dukani. Unahitaji mfuko wa kueleweka, nusu kilo kwenda juu kwa kabati dogo, na kabati liwe linaziba. Mlango ukiwa na mwanya wa kupitisha kidole, silika yako inajaribu kuikausha Tanga nzima. (Kicheko) Punje zikishiba zinachomwa kwenye oveni, joto la nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa, zinarudi kazini. Zile zinazobadilika rangi kutoka bluu kwenda waridi zina kobalti, ni sumu, zisikaribie jiko la chakula wala mtoto. Zipo za rangi ya machungwa, chukueni hizo.

Na tafadhali sana, vile vikopo vinavyouzwa supamaketi vya kuweka kabatini mwa nguo, vyenye chembe nyeupe juu na maji yanayokusanyika chini, visiingie kwenye kabati la silaha kamwe. Chembe zile ni chumvi ya kalsiamu, na yale maji chini ni maji ya chumvi makali. Kikipinduka siku moja, kilichoguswa hakitatengenezeka. Mchele nao, niliosikia watu wakiuweka kwenye soksi, unaacha vumbi la wanga na unaita panya. Upikeni.

Sasa mafuta, maana najua mnayasubiri.

Mafuta kazi yake ni kuweka ukuta mwembamba kati ya chuma na maji. Ukuta huo unakauka, unatiririka, unafutika. Mafuta mepesi ya kulainishia bunduki inayotumika kila wiki hayafai kwa bunduki inayokwenda kulala mwaka. Yanashuka yote chini kwa uzito wake, na ikiwa umeisimamisha bunduki kitako chini, yanaingia kwenye mbao pale inaposhikana na chuma na kuilainisha mpaka inakuwa nyeusi na kukatika. Wazee wasasi wanaijua hiyo. Ndiyo maana bunduki iliyopakwa mafuta mengi husimamishwa mdomo chini siku ya kwanza, juu ya kitambaa, mafuta ya ziada yatoke.

WD-40 kila mtu anayo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na kwa kazi hiyo ni nzuri: bunduki ikinyeshewa, puliza, futa. Lakini sehemu kubwa yake inaruka hewani, na utando unaobaki ni mwembamba. Si ya kuachia bunduki mwaka mzima. Mafuta ya taa yanasafisha vizuri na yakishakauka yanaiacha bunduki uchi. Mafuta ya nazi, ya ufuta, ya alizeti yanachacha, yanageuka gundi kwenye triga na kuita sisimizi. Na oili chafu ya gari, ile mnayopaka nguzo zisiliwe na mchwa, ina asidi, ina maji na ina unga wa chuma cha injini. Ukiipaka kwenye bunduki umeipaka ugonjwa.

Kwa kulala muda mrefu tafuta mafuta mazito ya kuhifadhia yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye dawa ya kuzuia kutu. Majeshi yalikuwa yanazamisha bunduki kwenye grisi nzito ya kahawia, na hadi leo zinafunguliwa masanduku ya miaka ya vita, ukiosha grisi unakuta chuma kama kilitoka kiwandani jana. Ukikosa kabisa, vaselini tupu isiyo na manukato ni ya ukoo huohuo. Paka nyembamba, kila mahali. Ipo pia karatasi yenye dawa inayotoa mvuke wa kuzuia kutu. Hiyo inafanya kazi ndani ya mfuko uliofungwa, na ukiwa unaufungua kila siku, dawa inakwisha. Makumbusho wanapenda nta. British Museum waliunda yao miaka ya 1950 kutokana na mafuta ghafi ya petroli, kwa sababu nta ya nyuki ina asidi kidogo. Kwa bunduki ya babu inayotundikwa na kutazamwa, nta ni bora kuliko mafuta, haikusanyi vumbi.

Chochote utakachopaka ndani ya mtutu, andika karatasi na uifunge kwenye triga: MTUTU UNA GRISI. Mtu akiichukua bunduki hiyo na kuipiga bila kuifuta, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwake. Na wale wanaoziba mdomo wa mtutu kwa kitambaa ili mdudu asiingie, hilo liacheni leo. Kitambaa kinanyonya maji na kuchora pete ya kutu kwa ndani, palepale risasi inapotokea. Kisha kinasahaulika. Nyigu anayejenga kwa udongo, ambaye ni adui wa kweli huku kwetu, mfuko mwembamba wa wavu juu ya mdomo unamtosha.

Bunduki isilale na uchafu wa kupigwa. Hapa wazee wanajua kuliko vijana. Risasi za zamani za kijeshi, .303 nyingi zikiwamo, fataki zake, zile zinazowasha baruti, zikiwaka zinaacha chumvi ndani ya mtutu, ndugu wa chumvi ya mezani. Mafuta hayayeyushi chumvi. Unaweza kusugua kwa mafuta mpaka kitambaa kitoke cheupe, chumvi iko palepale, inangoja mvuke. Kinachoiyeyusha ni maji. Ndiyo maana jeshi la Waingereza liligawa faneli maalumu ya kumiminia maji yanayochemka ndani ya mtutu wa bunduki yao ya Lee-Enfield. Maji ya moto yanaosha chumvi, na mtutu ukishapata moto unajikausha wenyewe, ndipo unapaka mafuta. Kijana aliyeona babu yake aliyekuwa King's African Rifles, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, akimimina maji ndani ya bunduki asidhani mzee alichanganyikiwa. Risasi za kisasa za shotigani hazina chumvi hiyo.

Gobore nalo ni vilevile, pengine zaidi, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi yanavuta maji kwa nguvu. Mji wetu huu una historia na baruti hiyo. Novemba 1914, Waingereza waliposhuka hapa na majeshi ya Kihindi, sehemu ya askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa bado wanabeba bunduki za Mauser za muundo wa 1871, za baruti nyeusi, ambazo kila zikipigwa moshi unaonyesha alipo mpigaji. Wakashinda hata hivyo, na kuokota bunduki za kisasa mamia, bombomu 16 na risasi laki sita. Anayemiliki gobore la urithi, lenye leseni yake, aoshe kwa maji ya moto na sabuni kidogo, akaushe, apake. Lakini kabla ya yote ateremshe fimbo ndani mpaka mwisho, aweke alama ya kidole kwenye fimbo mdomoni mwa mtutu, kisha ailaze fimbo kwa nje aone kama inafika kwenye tundu la moto. Isipofika, kuna kitu ndani. Baruti iliyoshindiliwa na marehemu babu bado inaua. Usiliguse, waite polisi.

Niseme na juu ya sura ya bunduki, maana kutu si adui pekee. Ule weusi wenye ubluu wa mtutu si rangi ya kupaka. Ni chuma chenyewe kilichogeuzwa juu juu kwa kemikali, na ni mwembamba sana. Unapunguza kasi ya kutu, hauizuii. Bunduki za kijivu zisizong'aa, zile za kijeshi, zina utando wenye vitundu vinavyoshika mafuta. Ukivikausha havina kinga kubwa. Iliyopakwa nikeli inatobolewa na maji kupitia vijitundu usivyoviona, kutu inatambaa chini na nikeli inabanduka maganda. Na ile wanayoiita haishiki kutu, inashika, hasa kwa chumvi ya bahari. Inachelewa tu.

Dawa za kusafisha mabaki ya shaba ndani ya mtutu, zile zenye harufu kali ya amonia, zisiachwe zikatiririka juu ya nikeli. Na kuna kitu kimoja ambacho watu wengi wa pwani hawakifikirii: dawa ya mbu ya kujipaka. Ile yenye DEET inayeyusha vanishi na baadhi ya plastiki. Mlinzi anajipaka saa mbili usiku, anashika kitako, asubuhi kuna kiganja kizima kimechorwa kwenye vanishi, kinanata, na hakifutiki. Wengine wamepeleka vitako kwa seremala wakidhani mbao ndiyo mbovu. Jipake, mbu wetu wana malaria, lakini nawa viganja kabla hujashika silaha.

Vijana wa lindo, sasa nawageukia, kwa sababu bunduki za kampuni zinakufa tofauti na za nyumbani. Ya nyumbani inakufa kwa kusahaulika. Ya kampuni inakufa saa kumi na mbili asubuhi. Mlinzi amesimama nje usiku kucha, umande umeshuka, amechoka, daladala inapita. Anairudisha shotigani dirishani, mtunza ghala anaandika namba, anaitumbukiza kwenye reki ikiwa na maji, mlango unafungwa mpaka jioni. Humo ndani zipo nyingine kumi na mbili zilizokuja hivyohivyo. Chumba hakina dirisha. Reki imevishwa zulia ili bunduki zisigongane, na zulia lile limeloa tangu ninyi hamjaajiriwa. (Makofi)

Haihitaji bajeti. Wekeni meza moja mbele ya dirisha, kitambaa kikavu na kitambaa cha mafuta ndani ya kopo lenye kifuniko. Anayerudisha silaha anaifungua, anaonyesha chemba tupu, mtunza ghala anatazama kwa macho na kugusa kwa kidole, kisha anaifuta kikavu, halafu mafuta, ndipo anatia saini. Dakika tatu. Zulia kwenye reki ling'olewe, liwekwe mpira mgumu au mbao iliyopakwa rangi. Na kwenye daftari iongezwe safu moja: tarehe bunduki ilipofutwa mara ya mwisho. Kila kampuni ina bunduki mbili tatu za akiba ambazo hazitoki kamwe, zinakaa mwisho wa reki, pembeni ukutani. Zilizo pembeni ndizo za kwanza kuliwa. Safu hiyo itazionyesha.

Kwa nyumbani, ukishaihifadhi bunduki kwa muda mrefu, usingoje mwaka. Ifungue baada ya wiki moja. Kosa lolote la ufutaji linajionyesha ndani ya wiki hiyo. Ikiwa safi, ngoja mwezi. Baadaye kila miezi mitatu, na lazima mara moja masika ikianza na mara moja ikiisha. Tazama chini ya boliti, tazama mkanda unaposhikia, tazama pale chuma kinapoingia kwenye mbao, na ndani ya mtutu kwa tochi.

Ukikuta unga mwekundu mwepesi, usikimbilie msasa. Msasa unaondoa kutu na weusi pamoja na chuma. Paka mafuta, acha yalowe mpaka kesho yake, kisha sugua polepole kwa pamba ya shaba au pamba ya chuma laini kabisa yenye mafuta, ukifuta na kutazama. Ikiwa bunduki ni ya zamani yenye maandishi au mihuri, acha, mlete fundi. Utando wa kahawia iliyokomaa wa miaka themanini haudhuru kitu. Anayeung'arisha anaondoa na namba, na bunduki isiyo na namba mtaielezana na hawa maofisa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unatazama saa. Pale mezani nimelaza mitutu mitatu iliyokatwa kwa urefu, imeondolewa kwenye daftari la silaha kihalali, nyaraka zake ziko kwa afande. Mmoja ulikaa kwenye ala ya ngozi, mmoja kwenye sanduku la sponji, na mmoja ulikaa wazi kwenye kabati lenye fimbo ya joto. Njooni kumi kumi, walinzi kwanza wakalale. Vueni pete na saa, na glavu ziko kwenye boksi.